Goti la Kushoto na Njia ya kwa Mama

Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Ukitaka kujua ndani ya goti kuna nini, muulize mwenye mashine ya eksirei. Ninachokijua mimi ni jinsi goti langu la kushoto lilivyoninyima njia ya kwa mama yangu kwa mwaka mmoja na miezi minane, na jinsi nilivyokuja kuipata tena. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi, umelikumbatia goti kwa mikono miwili, unajiuliza kama ndiyo basi tena.

Watu wananiita Mama Deo. Nakaa Bigwa, chini kabisa ya milima. Mama anakaa juu, kwenye nyumba niliyozaliwa. Nikisimama penye kamba yangu ya kuanikia nguo, siku isiyo na wingu, mnamo saa nne asubuhi jua likilipiga, naliona bati la nyumba yake linang'aa. Bati tu, mtu huwezi kumwona. Nimelitazama bati lile mpaka jirani yangu mmoja akalalamika kwamba nachungulia uani kwake.

Zamani nilikuwa napanda kila mwezi. Pikipiki inakufikisha kigangoni, penye kanisa dogo, barabara inaishia hapo. Kisha unashuka korongo mpaka mtoni, unavuka, halafu unapanda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mama. Nilikuwa naimaliza njia hiyo kwa saa moja na nusu, kikapu kichwani, na domo halipumziki. Mara ya mwisho kwenda hivyo ilikuwa wakati wa vuli. Mama akanisindikiza mpaka ukingo wa shamba kama kawaida yake. Akaniambia, "Ukija tena nikuonyeshe mipaka, mwanangu. Mimi sasa nimezeeka." Kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama, na mimi ndiye binti yake wa kwanza. Mipaka haionyeshwi kwa maneno. Unatembezwa, unaonyeshwa mti huu na jiwe lile, unakanyaga. Nikamjibu, "Haraka ya nini, mama? Mwezi ujao nipo hapa."

Mwezi uliofuata goti lilivimba.

Nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza, nikasema ni uchovu wa kukanyaga cherehani. Kufika masika lilikuwa linasaga kila nikiinuka, sauti yake kama ya mtu anayekanyaga changarawe. Kuchuchumaa kukawa hakuwezekani, na choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo elewa mwenyewe. Mume wangu, Baba Deo, alichukua kiti cha mbao cha sebuleni, akakikata tundu katikati, akakipiga msasa vizuri nisije nikachubuka, akakipeleka chooni. Mwanaume huyo hajawahi kuniletea ua tangu anioe. Lakini kiti kile! Mungu ambariki.

Wifi yangu akanishauri ninywe maji ya bamia, kwamba ute wa goti umekauka. Nilikunywa mwezi mzima. Mlenda niliupenda tangu utoto, lakini siku hizi nikiiona bamia nageuza uso.

Jambo lililonitisha zaidi halikuwa maumivu. Siku moja nilikuwa na futi kamba shingoni, nimemaliza kumpima mteja, nikaamua kujipima mapaja. La kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia kwa inchi moja na nusu. Nimeshonea watu miaka thelathini na kitu, najua inchi moja na nusu ni nguo ya mtu mwingine. Nikakaa kitini nikalia. Mguu ulikuwa unaniaga huku mimi nahangaika na bamia.

Nikaenda hospitali ya mjini. Kwenye benchi la wagonjwa wa mifupa hakuna anayeficha kitu. Jina likiitwa, benchi zima linamtazama mwenye jina anavyoinuka. Kuna wanaojisukuma kwa mikono, kuna wanaojipa mwendo mara tatu kama gari bovu, na tukiona mtu ameinuka mara moja tu tunamwonea wivu. Siku ya kwanza niliketi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mama mmoja nisiyemjua, aliyetoka Ngerengere, aliona ninavyogeukageuka akakunja kanga yake, akanisukumizia chini ya paja. Hatukuulizana majina. Kanga ile naikumbuka mpaka rangi.

Daktari akasema goti limesagika, akanichoma sindano. Inaingia pembeni ya goti, unasikia linajaa. Akaniambia nipumzike siku mbili, wiki mbili nisifanye kazi nzito, halafu niende kwa mtu wa mazoezi. Nikaitikia ndiyo kwa kila neno.

Siku ya tatu nilishtuka. Goti lilikuwa kimya! Nilikuwa nimesahau mwili usiouma unavyokuwa. Nikatembea uani mara kumi. Nikacheza kidogo, hapana mtu aliyeniona. Siku ya tano, Baba Deo ameshatoka, nilipanga sukari, chumvi, sabuni na kitenge kipya kwenye kikapu, nikampigia simu mama. "Leo nakuja." Alicheka sana, akasema, "Naweka maharage jikoni."

Kama wewe ni mtu wa milimani unajua kosa langu liko wapi, na unajua pia kwamba ungelifanya. Mwanamke wa kwetu hapandi kwa mama yake mikono mitupu. Ni aibu. Tangu nikiwa na miaka saba sijapita njia ile bila kitu kichwani, kupanda au kushuka. Ningesikia kama nimesahau kuvaa.

Kushuka korongo ndiko kulikonimaliza. Watu wa tambarare wanadhani mlima unaumiza ukipanda. Wapi! Goti linauawa kwenye kushuka, uzito wote wa mwili unatua pale, na mimi juu yake nikaongeza kikapu. Hatua chache kabla ya mto goti likaachia. Kikapu kikaenda zake, sukari ikamwagika majini, nami nikakaa matopeni. Nikainua macho. Moshi wa jiko la mama ulikuwa ule pale, upande wa pili, karibu hivyo.

Wapita njia wawili walinishika mabega wakanirudisha kigangoni. Mama alipiga simu saa nane mchana. "Maharage yameiva, mbona sikuoni njiani?" Nikampa simu mwenye pikipiki azungumze naye.

Baba Deo hakuninunia kwa ajili ya goti, alininunia kwa sababu nilitoroka. Siku mbili hatukuongea. Siku ya tatu akasema, "Ungevunjika shingo nani angeniambia? Sukari?" Nikacheka, naye akacheka kwa shida, yakaisha.

Goti lilikuwa kama papai. Nilirudi kwa daktari nikiomba sindano nyingine, akakataa kabisa. Akasema sindano hizo hazichomwi hovyo, lazima miezi ipite, akanipeleka kwa mtu wa mazoezi.

Huyo anaitwa Shija, kijana mrefu, Mnyamwezi wa Tabora. Aliposikia mimi Mluguru akafurahi mno, maana Wanyamwezi ni watani zetu. Nikamsimulia habari ya kikapu. Akashika kiuno.

"Mama, babu zangu walibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, na walilipwa. Wewe unabeba, nani anakulipa?"

"Ndiyo maana mlikuwa mkifika kwetu mnaomba maji."

"Na mlitunyima! Haya, kaa hapa nikulipizie kisasi."

Kisha akaacha mzaha. Akaniambia maneno niliyoyabeba mpaka leo. "Wewe ni fundi, unajua kazi ya sindano. Yetu haishoni. Inalinyamazisha goti tu ili upate nafasi ya kushona wewe mwenyewe. Uzi ni nyama za paja."

Nikaanza kushona. Asubuhi nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mpaka uwe sawa, nauzuia juu nikihesabu mpaka kumi, naushusha polepole. Nakunja taulo, naliweka chini ya goti, nalikandamiza. Nainuka kitini na kukaa tena bila kushika kitu, kwanza kwenye kiti kirefu, baadaye kwenye kile cha kawaida. Cherehani hakunikataza, alikuja kuiona akasema kosa ni kigoda changu kifupi, nikakaa juu zaidi. Jioni natembea kiwanja cha shule, pale ni tambarare. Kuhusu maumivu alinipa kanuni moja: usiliulize goti leo, liulize kesho asubuhi. Likiamka limevimba, jana ulizidisha, punguza. Likiamka salama, endelea, wala usiongeze kwa pupa.

Inachosha, nisikudanganye. Hakuna anayekupigia makofi kwa kunyoosha mguu kitini. Zilikuwapo asubuhi nilizouangalia mlima nikatukana. Nilikuwa na hamu na mama mpaka hamu yenyewe ilikuwa inauma mahali, hapa, chini ya mbavu. Nilitamani harufu ya jikoni kwake. Nilitamani anigombeze mbele yangu, si kwenye simu inayokatikakatika.

Simu ndiyo tuliyokuwa nayo. Kila asubuhi saa moja nampigia. Nikamfundisha na yeye mazoezi ya kitini, maana magoti yake pia yalikuwa yamekwisha, hata uani alikuwa hatoki. Basi tunahesabu pamoja, yeye huko juu na mimi huku. Alikuwa ananiibia. Nikifika saba yeye ameshasema kumi. Siku moja nikamweleza kanuni nyingine ya Shija ya ngazi na miteremko: kupanda, mguu mzima unatangulia; kushuka, mguu mbovu unatangulia, na fimbo pamoja nao.

"Kama watu wa huku," mama akasema. "Mzima anapanda, mgonjwa anashushwa."

Alikuwa anazungumzia machela. Juu kule mtu akizidiwa, wanaume wanamlaza kwenye machela ya miti wanamshusha mpaka barabarani. Vuli iliyofuata nilichomwa sindano ya pili, na safari hii nilitii kila neno. Siku mbili nimelala kama mzazi, halafu kitini, halafu kiwanjani, halafu ngazi moja ya baraza, panda, shuka. Paja lilikuwa limerudisha inchi nzima. Lakini masika ilipoingia mama akapata homa. Mdogo wangu Felista, anayekaa jirani yake, akasema mama hali chakula anavyotakiwa. Mlima ulikuwa umefungwa na wingu wiki nzima, hata bati silioni. Njia ilikuwa utelezi mtupu.

Baba Deo akasema, "Nitatafuta wanaume wanne, wamteremshe. Atake asitake."

Nikampigia mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba yenu alishushwa kwa machela akiwa anaongea," akasema. "Alirudi kwa machela ileile, haongei. Mimi sipandi kitu hicho. Nikishuka, sirudi."

"Mama, mimi siwezi kupanda!"

"Basi nitakungoja."

Nilimgombeza mume wangu kwa sababu alikuwa na haki. Alitaka mkwewe apone. Na mimi nilitaka hivyo hivyo, lakini nilimjua mama yangu, ukimbeba kwa nguvu umemuua kabla hajafika mtoni. Tabibu wa zahanati ya kule alimfikia na dawa, homa ikapungua. Wiki zile nilifanya mazoezi nikilia. Nilikuwa nahesabu moja mpaka kumi peke yangu, yeye hana nguvu ya kuhesabu, anasikiliza tu.

Mvua zilipokatika na baridi ya mwezi wa sita kuingia, nilimwuliza Shija kama naweza. Akanipandisha na kunishusha ngazi za hospitali mpaka jasho likanitoka. Akanibonyeza paja. Kisha akatoa masharti. Fimbo mbili. Kupumzika kabla sijachoka, si baada ya kuchoka. Kulala kule siku mbili kabla ya kushuka. "Na kichwani?" akauliza.

"Nywele," nikamjibu.

"Waluguru mnafundishika kumbe."

Felista alikuja kunipokea kigangoni, akachukua kikapu. Baba Deo akanisindikiza mpaka hapo, akanishikisha fimbo zangu akasema, "Leo umeaga." Korongo nililishuka kiubavu, mguu wa kushoto mbele, fimbo mbele, hatua moja moja. Penye mto nilisimama mahali nilipomwaga sukari. Tukakutana na akina mama wanashuka na matenga ya kabichi kwenda sokoni. Mmoja akaniangalia mikono, akaniangalia kichwa.

"Dada, unakwenda kwenu hujabeba kitu?"

"Nimebeba goti," nikasema. Walicheka mpaka matenga yakayumba, na ile aibu niliyoiogopa ikaishia hapohapo.

Nilitumia saa nne na nusu. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nilimwacha ana mwili, nikakuta mabega yamebaki mifupa na kitenge. Nikataka kupiga goti kumsalimia kama alivyonilea. Likagoma. Nikabaki nimeinama nusu, fimbo huku na huku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Acha, simama hivyohivyo nikuone."

Nikasimama, akaniona. Halafu akanyoosha mkono akalishika goti langu, akalibonyeza taratibu kama anayechagua nyanya, akasema, "Ndilo hili lililokuwa linanidhulumu?" Hapo nililia kwa sauti, sikujali Felista wala majirani.

Kesho yake ilikuwa siku ya mipaka. Hakuweza kutembea, na matuta yale mimi pia siwezi kuyakimbilia. Basi yeye akakaa mlangoni, mimi nikaenda na fimbo zangu, anapiga kelele. "Panda kidogo! Kushoto! Mgomba huo siyo, ule wa nyuma! Hapo. Kanyaga hapo." Nakanyaga. "Umekanyaga?" "Nimekanyaga, mama!" Ilituchukua asubuhi nzima na mlima mzima ulisikia mali zetu. Likabaki jiwe moja la chini, penye njia, ambalo kutoka mlangoni halionekani. Nikasema Felista atanionyesha. Mama akaangalia upande wa njia.

Siku ya kushuka nilimuaga saa tatu. Nikamwona anatafuta fimbo yake.

"Unakwenda wapi?"

"Mgeni anasindikizwa," akasema. "Na kuna jiwe bado."

Tulibishana, nikashindwa, nimeshindwa naye tangu nizaliwe. Toka mlangoni mpaka kwenye jiwe ni mwendo wa kutoka kwangu kwenda bombani, dakika tano kwa mwenye magoti mazima. Kwa miezi mingi mama hakuwa amevuka ua. Tulishuka bega kwa bega, yeye mguu wake mbovu mbele, mimi wangu mbele, tunapumzika kila hatua tano, Felista nyuma yetu ameshika mdomo. Tulipofika akaligusa jiwe lile kwa fimbo. "Hili hapa. Chini yake si petu." Akaketi juu yake, anahema.

"Sasa rudi, mama."

"Tangulia wewe. Nataka nione unavyoshuka."

Nikamwacha na Felista, nikashuka. Shija alinikataza kugeuka nyuma kwenye mteremko, kwa hiyo sikugeuka, ingawa shingo ilikuwa inataka. Nilimsikia tu juu yangu. "Wa kushoto kwanza! Polepole! Wa kushoto!" Sauti ikawa inapungua, kisha ikabaki ya mto.

Wewe uliyeko kwenye benchi, sijui mlima wako uko wapi. Labda ni ngazi za kanisani, labda ni mjukuu wa kunyanyua kutoka sakafuni. Goti langu halijapona na halitapona, daktari hajanificha. Nyoosha mguu, hesabu kumi, kesho asubuhi liulize.

Nilifika Bigwa alasiri. Baba Deo alikuwa ameniwekea kiti barazani na beseni la maji. Kabla sijakaa nikapiga simu. Iliita sana ndipo mama akapokea, anahema.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika, mama. Salama kabisa."

"Haya," akasema. "Na mimi ndiyo naingia mlangoni."